Modeli ya ventrikali za ubongo: umbo safi, mtiririko umewashinda

Nafundisha anatomia kwa wanafunzi wa uuguzi, na kila mwaka ventrikali za ubongo, yaani vyumba vya ndani vinavyojaa maji ya ubongo, ndizo zinazowatoa jasho. Utachoraje uwazi ukaeleweka? Ndiyo maana niliagiza modeli hii ya plastiki inayoonyesha ndani: ubongo wa ukubwa halisi, wenye ventrikali nne ambazo unazijaza maji ya rangi kwa bomba la sindano.

Kwa umbo, nawapa heko. Ventrikali mbili za pembeni zimejikunja kama pembe za kondoo dume, na ile pembe ya chini, ambayo vitabu vingi huificha, hapa unaiona wazi ikirudi mbele kuelekea upande wa sikio. Ventrikali ya tatu ni ufa uliobanwa kati ya talamasi mbili (vinundu vya katikati ya ubongo), tena wameacha hata kitobo pale talamasi zinapogusana. Kazi ya mtu anayejua.

Kwenye mtiririko ndipo walipolegea. Maji yanatoka ventrikali za pembeni, yanapita matundu ya Monro hadi ya tatu, yanashuka mfereji wa Sylvius hadi ya nne. Sawa. Lakini mfereji wenyewe wameufanya mnene kama kalamu! Kwa binadamu upana wake ni milimita moja hadi mbili tu, na wembamba huo ndio unaoufanya uzibe kwa urahisi. Halafu ventrikali ya nne ina matundu matatu ya kutokea: la Magendie katikati na mawili ya Luschka pembeni. Hapa la Magendie limetobolewa, ya Luschka yamechorwa kwa rangi. Niliyatoboa mwenyewe kwa msumari wa moto.

Pleksasi ya koroidi, utando wenye mishipa midogo ya damu unaotengeneza sehemu kubwa ya maji ya ubongo, wameipaka nyekundu mpaka ncha za pembe za mbele. Haifiki huko.

Kilichoniridhisha ni kizibo kidogo cha mpira cha kuziba mfereji. Ukikichomeka, ventrikali za pembeni na ya tatu zinajaa, ya nne inabaki kavu, na bomba linakuwa gumu mkononi. Mwanafunzi anahisi presha kwa kidole gumba chake. Kutoka hapo kichwa maji kinaelezeka: mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban mililita 500 za maji ya ubongo kwa siku, wakati nafasi yote, ya ubongo pamoja na uti wa mgongo, hubeba kama 150 tu. Yasipopata njia yatakwenda wapi? Kwa mtoto mchanga mifupa ya fuvu bado haijaungana, hivyo kichwa kinatanuka. Mtu mzima hana nafasi hiyo. Anaumwa kichwa, anatapika, macho yanaona ukungu.

Kijitabu cha modeli kinayaeleza maji kana kwamba yanatiririka upande mmoja tu, kama maji ya bomba la nyumbani. Kwenye mfereji halisi yanakwenda na kurudi kwa kila pigo la moyo, ila mwisho wa hesabu yanayoshuka ni mengi zaidi. Sukuma na kuvuta bomba la sindano taratibu, rangi itakuonyesha.

Nyota nne za umbo, mbili za mtiririko. Rangi iwe nyepesi, maana nzito inaacha madoa. Na maji yanayobaki kwenye pembe ya chini hayatoki hata ukiipindua modeli, yavute kwa bomba.