VeraCrypt: naifunga kabla kompyuta haijaenda kwa fundi
Jamani kompyuta ya nyumbani iliharibika feni nikaipeleka kwa fundi, akaomba paswedi nikampa, kumbe kubadili feni wala haihitaji, narudi nakuta folda ya picha za familia imefunguliwa, niliumia sana. Tangu hapo natumia VeraCrypt, programu ya kufungia mafaili kwa paswedi, ni ya bure, ipo tangu 2013. Unatengeneza faili moja kubwa, mi nimeweka GB 20, unatupia humo picha, vyeti, mambo ya benki, ukishalifunga fundi hata achomoe diski aiweke kwenye mashine ingine haoni kitu, paswedi ya Windows peke yake haizuii hilo. Ila ukisahau paswedi basi tena, hayarudi. Na zile kopi za zamani zilizobaki nje ya hilo faili zifute! Nyota 4 kati ya 5.