Nguo za mama anayenyonyesha: ipi inunuliwe, ipi ishonwe, ipi iachwe dukani

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi atimize miaka 2 au zaidi. Hicho ni kipindi kirefu mno kwa mama kushinda na nguo zilizochakaa kwa sababu tu ananyonyesha, na ni kirefu vilevile kwa mama kuvaa gauni zuri linalomlazimu ajifungie chumbani kila mtoto anapolia. Mwongozo huu umemlenga mama wa Dar es Salaam, anayeishi kwenye joto, anayepanda daladala, anayejiandaa kurudi kazini na anayealikwa kwenye shughuli mwisho wa wiki. Mama wa Tanga au Mombasa ataona mahitaji yake hayapishani sana na haya.

Kipimo nilichotumia kupanga nafasi ni kimoja: nguo ifunguke na kufungika kwa mkono mmoja, bila kuacha wazi tumbo wala mgongo. Ukiwa dukani, pakata mkoba wako kwenye mkono wa kushoto kama unavyompakata mtoto, kisha jaribu kufungua nguo kwa mkono wa kulia na kuifunga tena. Ikikubidi uweke mkoba chini au umwite muuzaji akusaidie, nguo hiyo haikufai, hata kama imekukaa vizuri kiasi gani.

Kabla ya nguo ya juu, fedha ya kwanza iende kwenye sidiria za kunyonyeshea, zile ambazo kikombe kinafunguliwa kwa klipu iliyo kwenye mkanda wa bega. Zinunuliwe katika wiki za mwisho za ujauzito, zikiwa na nafasi ya kutosha kwenye vikombe, kwa kuwa matiti hujaa siku chache baada ya kujifungua. Sidiria ikukae vizuri ukiifunga kwenye ndoano ya mwisho iliyolegea zaidi, ili mbavu zitakaporudi katika hali yake uweze kusogea ndoano za ndani. Epuka yenye waya na yoyote inayobana, kwa sababu mgandamizo wa muda mrefu unaweza kuchangia kuziba kwa mirija ya maziwa na hatimaye uvimbe wenye maumivu na homa. Sidiria 3 zinatosha: moja mwilini, moja kwenye kamba, moja kabatini. Usizitafute kwenye mitumba, kwani Shirika la Viwango Tanzania linakataza biashara ya nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa, na lastiki iliyolegea haikusaidii kitu.

Nafasi ya kwanza naipa gauni la kitenge lililoshonwa na fundi kwa ajili ya kunyonyeshea. Hakuna nguo ya dukani inayolifikia, kwa kuwa linakufuata umbo, linaingia kanisani, ofisini na ukumbini, na siri yake haionekani. Mwombe fundi ashone kifua kwa mishono miwili inayoshuka kutoka begani kupita katikati ya kila titi, halafu ndani ya kila mshono aweke zipu ya plastiki yenye urefu wa sentimita 20 hadi 25, iliyofunikwa na ukingo wa kitambaa. Sisitiza mambo mawili ambayo mafundi wengi huyasahau. La kwanza, zipu ianzie juu ya chuchu na kuishia chini kabisa ya titi, maana ikiishia katikati ukingo wake utakandamiza titi na mtoto hatapata nafasi ya kushika vizuri. La pili, nyuma ya zipu kuwe na utepe wa pamba laini, ili meno yake yasikwaruze shavu la mtoto wala ngozi yako. Kiunoni paachwe akiba ya kitambaa ndani ya mshono, kwa sababu mwili utaendelea kubadilika na gauni litahitaji kupunguzwa au kuongezwa. Kitenge cha pamba kifuliwe kabla ya kukatwa. Kikirudi baada ya kushonwa, zipu zitajikunja na gauni litaharibika sura.

Nafasi ya pili ni shati na gauni la vifungo vya mbele, na kwa mama mwenye ajira naliona ni la lazima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini inamruhusu muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku. Muda huo, uwe wa kumnyonyesha mtoto aliyeletwa au wa kukamua maziwa, haufai kumalizikia kwenye kuvua blauzi iliyobana. Chagua shati pana kidogo, lenye vifungo vinavyoshuka hadi kiunoni na matundu yasiyokaza, na ulikague ukiwa umekaa, kwa kuwa shati lililotulia ukiwa umesimama linaweza kuachama kifuani mara tu unapokaa. Mitumba ya Karume, Ilala, ina mashati mazuri ya pamba na linini kwa bei ambayo duka haliwezi kushindana nayo, ila yahitaji asubuhi nzima ya kuchambua.

Dera linashika nafasi ya tatu. Wengi wangeliweka la kwanza, na nyumbani kweli halina mpinzani: ni pana, ni jepesi, linapitisha upepo. Tatizo ni dera la shingo iliyofunga, ambalo hulazimu kupandishwa kutoka chini mpaka kifuani, jambo lisilowezekana mbele za watu. Nunua lenye zipu ya mbele inayofika chini ya kifua, au lipeleke kwa fundi aliweke hiyo zipu. Kwa wanaovaa baibui, lililo wazi mbele au lenye vifungo linafaa kuliko la kuvaliwa kichwani, mradi gauni la ndani nalo lifunguke mahali hapohapo. Mtandio mpana utamfunika mtoto bila kuongeza nguo nyingine.

Nafasi ya nne ni singlendi ndani na fulana juu. Unapandisha fulana na kushusha singlendi, tumbo linabaki limefunikwa. Ni njia rahisi kuliko zote na haihitaji nguo mpya, lakini nguo mbili za kubana kwenye joto la Januari ni adhabu, na mtoto atatoka jasho akiwa ameegemea hapo. Mama wa Arusha, Mbeya au Nairobi anaweza kuipandisha nafasi hii bila kusita.

Ya tano ni blauzi ya kuvukisha na kufunga kwa mkanda. Inapendeza, ila nyingi hufunguka zenyewe mtoto akianza kuvuta. Weka kifungo kidogo cha kubana pale pande zake mbili zinapokutana kifuani.

Khanga sijaiweka kwenye orodha kwa sababu inakwenda na kila nguo. Doti moja inakupa vipande viwili: kimoja cha kufunika bega na kifua, kingine cha kumlaza mtoto. Chagua ya pamba nyepesi na uache uso wa mtoto ukipata hewa.

Kuhusu rangi, maua na michoro mikubwa huficha madoa ya maziwa, ilhali hariri ya rangi moja, hasa ya kijivu, huyaonyesha kutoka mbali. Doa lisuuzwe kwanza kwa maji ya baridi, kwani ya moto huligandisha. Nakshi za shanga na vipande vya kumetameta kifuani viachwe, pamoja na pini za ushungi zilizo karibu na uso wa mtoto.

Linalobaki dukani ni gauni lenye zipu ya mgongoni na kifua kilichokaza, ambalo ndilo huuzwa sana kwa ajili ya harusi na sendofu. Kama unalo tayari na unalipenda, fundi anaweza kufumua mishono ya kifuani na kuweka zipu mbili kama zile za kitenge, ikiwa bitana nayo itafunguliwa mahali hapohapo. Kama mshono wa kifuani haupo, usimruhusu akate kitambaa kizima. Lihifadhi hadi mtoto atakapoacha kunyonya.