Baiskeli ya kwanza Dar es Salaam: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla hujatoa hela, jiulize mambo mawili. Njia utakayopita kila siku ikoje? Na fundi aliye karibu na kwako amezoea kutengeneza baiskeli za aina gani? Majibu hayo yatakuchagulia baiskeli vizuri kuliko muuzaji yeyote wa Kariakoo. Baiskeli nyingi za hapa jijini zinaachwa zikiwa bado nzima: tyubu ya saizi yake ilikosekana mtaa mzima, ikaegeshwa uani kusubiri, mvua ikainyeshea, kutu ikamaliza kazi.

Tuanze na njia. Ukiwa unaishi Magomeni, Ilala, Upanga au Kinondoni uko tambarare, hata gia moja inakutosha. Ukiwa Kimara, Goba, Makongo au Madale una vilima vya kweli, na mteremko unaoufurahia asubuhi ndio utakaoupanda jioni ukiwa umechoka. Kwa wa Mbagala, Gongo la Mboto na Chanika barabara kuu ni lami, lakini ukikata kuingia mtaani unakutana na mchanga. Mchanga haupatani kabisa na tairi jembamba: linazama, usukani unakataa kutii, unashuka unasukuma. Ikifika masika, Machi hadi Mei, pale palipokuwa na mchanga kuna dimbwi, na hujui chini yake kuna shimo au jiwe.

Wanaotumia Barabara ya Morogoro wana nafuu kidogo. Ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria 2016, uliacha njia za pembeni za waenda kwa miguu na baiskeli. Zinasaidia sana, ila bodaboda nao wanazipenda, kwa hiyo usidhani humo utapita peke yako.

Sasa baiskeli zenyewe, kuanzia ninayoipendekeza zaidi.

Namba moja ni mauntini (baiskeli ya milimani) ya mtumba yenye foki ngumu, yaani ile mikono miwili inayoshika tairi la mbele haina shokapu. Ni zile za tairi pana la inchi 26 zilizotengenezwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, zinazoshuka na makontena. Kwa anayeanza sioni ya kuishinda. Tairi na tyubu zake zinapatikana kirahisi. Gia zake, mara nyingi tatu mbele na sita au saba nyuma, zinatosha kupanda Kimara bila kushuka. Breki zake zinabana ringi kwa vipande vya mpira unavyoviona kwa macho vikiisha, unavibadili kwa hela kidogo na spana moja. Ukipata ya ringi za alumini umepata zaidi, maana mvua ikinyesha zinashika vizuri kuliko za chuma. Namna ya kujua ni rahisi: chukua sumaku ya spika mbovu, iguse kwenye ringi. Ikinasa ni chuma, isiponasa ni alumini.

Mauntini hizi nyingi huja na matairi ya vipele vikubwa. Kwenye lami vipele vinanguruma na kukuchosha bure. Mwambie fundi akuwekee matairi ya mjini ya 26 x 1.75, yaliyo laini katikati. Baiskeli ile ile utaiona imekuwa nyepesi, na kwenye mchanga mwepesi bado itapita.

Namba mbili ni ya Kijapani, ile ya kikapu mbele. Kwa anayeishi tambarare, anayekwenda sokoni, kazini au kumpeleka mtoto shule, hii ingeweza kuwa ya kwanza kabisa. Fremu yake imeshuka katikati, kwa hiyo mwenye gauni, khanga au baibui anapanda na kushuka bila taabu. Inakuja na vitu ambavyo kwenye baiskeli nyingine utavinunua kimoja kimoja: madigadi, keria, stendi imara, kengele, taa ya dainamo, kava la mnyororo, na kufuli lililofungwa kabisa kwenye tairi la nyuma. Hakikisha tu ufunguo wake upo. Ni nzito, na zenye gia mara nyingi huwa na tatu tu. Breki ya nyuma hupiga kelele inayogeuza watu barabarani, nayo fundi mzuri anaweza kuituliza.

Kuna mtego mmoja kwenye baiskeli hizi ambao kila mnunuzi aujue. Tairi lake limeandikwa 26 x 1 3/8. La mauntini limeandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.0. Yote ni 26, lakini hayaingiliani hata kidogo. Mahali tairi linapokaa kwenye ringi, la Kijapani lina kipenyo cha milimita 590, la mauntini milimita 559. Ukienda dukani ukasema nipe tairi la ishirini na sita, utapewa la mauntini, na fundi atahangaika nalo nusu saa kabla ya kukuambia halikai. Soma maandishi yote ubavuni mwa tairi la zamani, uyapige picha kwa simu, uende nayo dukani. Karibu na hayo maandishi, matairi mengi yana namba nyingine yenye kistari, kwa mfano 37-590. Hiyo ya mwisho ndiyo isiyodanganya. Na kabla ya kununua baiskeli yenyewe, pita kwanza kwa fundi wako umuulize: fundi, tairi la 26 moja na tatu ya nane unalo, au unajua linapouzwa? Akisita, fikiria upya.

Namba tatu ni Phoenix ya Kichina na ndugu zake wa India, Avon na Hero. Tairi la inchi 28, fremu ndefu ya chuma, keria ya kubeba gunia. Naiweka ya tatu kwa mtu anayetafuta usafiri wa kwenda kazini. Kama kazi yako ni kubeba mkaa, mikate, maji au samaki, ipandishe iwe ya kwanza na usisikilize mtu. Hakuna baiskeli nyingine itakayovumilia mzigo ule kila siku na ikatengenezwa na fundi yeyote chini ya mwembe. Udhaifu wake mkubwa ni breki za vyuma, zinazovutwa kwa fito badala ya waya. Ringi ya chuma ikilowa, breki inateleza, na wewe unaendelea kwenda. Siku ya mvua punguza mwendo mapema kuliko ulivyozoea, hasa ukiwa na mzigo.

Namba nne ni baiskeli ya resi, yenye usukani uliopinda chini na matairi membamba. Kwa mazoezi ya alfajiri ni raha tupu: Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022, kisha Coco Beach, au kwa waliokomaa Barabara ya Bagamoyo mpaka Bagamoyo yenyewe, kilomita 70 hivi kutoka mjini. Lakini isiwe ya kwanza kwa mtu ambaye nyumba yake haiko kando ya lami. Kama moyo umeshaipenda, tafuta ambayo fremu yake inaruhusu tairi la milimita 28 au 32. La 23 ukilipitisha kwenye shimo kwa kasi unapata pancha papo hapo, na pengine ringi inapinda.

Za kukunja ni nzuri kwa anayeishi ghorofani au mwenye gari la kuiwekea nyuma. Za umeme ziache mpaka upate duka litakalokuhakikishia betri mbadala.

Ya mwisho kabisa, ambayo naomba usiinunue, ni ile mpya inayong'aa yenye shokapu mbele na nyuma na breki za diski, halafu bei yake ni ya chini. Najua inavutia, hasa mtoto akiwa pembeni anaishika. Lakini shokapu bora ni ghali, kwa hiyo kwenye baiskeli ya bei rahisi unachopata ni springi nzito inayomeza nguvu zako kila ukikanyaga pedeli. Hewa ya bahari inaila, na ikishika kutu hakuna fundi wa mtaani wa kuifungua. Diski zake ni bati jembamba, zikipinda kidogo zinasugua muda wote. Isitoshe, baiskeli hizi hutolewa kwenye boksi na kuunganishwa harakaharaka. Angalia foki: nyingine hufungwa kinyume, tairi la mbele likakaribia miguu yako. Ukiona hivyo dukani, jua hata nati nyingine hazikuangaliwa.

Kukagua mtumba kabla ya kulipa

Muuzaji atakuambia, kaka, hii imeshuka na kontena juzi, haina shida. Mshukuru, kisha uifanyie kazi. Inua tairi la nyuma na ulizungushe, macho yakiwa kwenye pengo kati ya ringi na breki. Pengo likipanuka na kubana, ringi imeyumba. Kuyumba kidogo fundi anakunyooshea kwa kukaza spoki, kuyumba sana ni ringi mpya. Shika mkono wa pedeli uutikise kushoto na kulia: ukicheza, beringi za ndani zimeisha. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia tak tak pale usukani unapoingia kwenye fremu, kuna kulegea. Kisha vuta mnyororo kwa mbele, pale unapozunguka sproketi kubwa ya pedeli. Ukiinuka ukaacha zaidi ya nusu ya jino wazi, umechakaa, na huenda sproketi zimechakaa nao.

Muda mwingi utumie kwenye fremu, maana hayo mengine yote yanaweza kubadilishwa. Piga magoti, pitisha kidole chini ya pale bomba la juu na la chini yanapokutana mbele. Rangi iliyokunjamana au kupasuka kama uzi hapo ina maana baiskeli iligonga kitu kwa nguvu. Mrudishie mwenyewe. Matairi nayo hukaa ghalani muda mrefu. Yakiwa na nyufa ubavuni, hesabu gharama ya mapya hata kama vipele havijaisha.

Saizi usiipuuze kwa sababu ya bei nzuri. Simama fremu ikiwa katikati ya miguu yako, viatu chini: kati yako na bomba la juu pawe na nafasi. Kaa kwenye kiti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini. Mguu uwe umenyooka kabisa. Ukija kukanyaga kwa mbele ya unyayo, goti litabaki limekunja kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Wanaoendesha na kiti kilichoshuka huishia kulalamika magoti. Kama inabidi kukipandisha mpaka mstari wa mwisho ulioandikwa kwenye bomba la kiti utokeze nje ya fremu, fremu hiyo ni ndogo kwako.

Vifaa

Ukiwa na laki tatu, usinunue baiskeli ya laki tatu. Sehemu ya hela hiyo ni ya fundi na vifaa.

Helmeti ndiyo ya kwanza, na hii usinunue mtumba. Povu la ndani likishapata kishindo hubonyea na kupoteza kazi yake, na kwa nje hutaona kitu. Tafuta lebo ya ndani iliyoandikwa EN 1078 au CPSC, yaani kiwango cha usalama cha Ulaya au cha Marekani. Ikae juu ya nyusi kwa vidole viwili. Ikilala kisogoni, paji la uso liko wazi.

Taa zinafuata, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Giza la Dar halina subira: saa kumi na mbili na nusu jioni bado unaona, muda mfupi baadaye dereva wa daladala hakuoni wewe. Ya nyuma ni muhimu zaidi, na iwe ya kuchaji.

Kufuli liwe la chuma lenye umbo la U au mnyororo mnene. Waya uliovikwa plastiki unakatwa kwa koleo. Funga fremu pamoja na tairi kwenye nguzo. Kama matairi au kiti vinafunguka kwa mkono bila spana, mwambie fundi aweke nati za kawaida.

Beba pampu ndogo, viraka na solusheni, na kwanza angalia valvu zako. Ya mauntini kwa kawaida ni nene kama ya gari, unajaza popote penye mashine ya upepo. Ya Phoenix na ya Kijapani ni aina nyingine, pampu ya fundi baiskeli inaiweza. Ile nyembamba yenye kinati kidogo juu inataka kiunganishi cha shaba. Kinunue kikae kwenye begi.

Kioo, kwa kuwa tunaendesha kushoto, kifungwe kulia. Keria ni bora kuliko begi la mgongoni. Ukiwa na begi mgongoni, joto la Februari litakufanya ufike ofisini shati limelowa. Madigadi yanunue kabla ya masika. Kiti kinene chenye jeli kiache: kinafurahisha dukani, kikishafika mwendo mrefu kinasugua mapaja.

Mafuta ya mnyororo yawe mepesi, hata ya cherehani yanafaa: tone tone, kisha futa yaliyozidi kwa kitambaa. Oili chafu ya gari inashika mchanga, na mchanga unasaga sproketi. Ukiwa Msasani, Kunduchi au Kigamboni karibu na bahari, futa na upake kila wiki.

Baada ya wiki mbili za mwanzo irudishe kwa fundi. Nyaya mpya za breki na gia hulegea, na spoki zilizokazwa hutulia mahali pake. Akikaza tena hapo, utaendesha miezi bila kumhitaji.