Kipima mapigo ya moyo na sidiria ya michezo: mkanda wa kifuani au wa mkononi?
Mkanda wa kifuani husoma umeme wa moyo wenyewe, kwa hiyo hufuata upesi mapigo yanapopanda ghafla katika mbio za kasi. Shida yake ni kwamba hukaa palepale ulipo ukingo wa chini wa sidiria, na viwili hivyo vikipandana, jasho na msuguano huchubua ngozi. Ni vyema kuushusha kidogo chini ya ukingo huo, kulowanisha vihisio kwa maji, na kuukaza kiasi cha kupumua bila kubanwa. Mkanda wa mkononi, unaofungwa juu ya kiwiko na kupima mtiririko wa damu kwa mwanga, hauigusi sidiria kabisa, ingawa huweza kuchelewa kidogo. Kwa mazoezi marefu ya mwendo mmoja, ningeuchagua huo bila kusita.