Filta ipi uanze nayo kwa picha za macheo na machweo Mtwara na Lindi

Ukipiga picha jua linapochomoza Msimbati bila filta, kamera inakulazimisha uchague. Ama mbingu ipendeze na mashua ziwe giza tupu, ama mchanga uonekane na mbingu iungue, ibaki nyeupe. Dawa yake ni filta ya nusu giza, kipande angavu kinachokaa mbele ya lenzi: juu kijivu, chini haina rangi. Wanunuzi wengi huuliza giza ni kiasi gani. Kwa pwani yetu, uliza kwanza giza hilo linaishaje katikati, kwa sababu upeo mtupu wa bahari ni nadra kwenye picha za huku. Kuna minazi, mivinje na matanga, na vyote vinapanda juu ya mstari wa maji.

Namba za giza hilo ni rahisi, na kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu: 0.3 hupunguza stopu 1, 0.6 stopu 2, 0.9 stopu 3. Kwenye 0.9, sehemu ya giza hupitisha mwanga moja ya nane tu.

1. 0.9 ya ukingo laini, mstatili wa milimita 100 kwa 150

Hii ndiyo ya kuanza nayo, na kwa wengi inatosha kwa muda mrefu. Simama ufukweni Lindi mjini alfajiri ukitazama ng'ambo ya Kitunda: jua linatokea juu ya vilima. Filta ya ukingo mkali itavikata vilima hivyo katikati, juu vieusi, chini vya kijani, na mtu yeyote ataona kuna kitu kimewekwa. Ya ukingo laini hufifia taratibu na mkato hauonekani. Ndivyo ilivyo pia kwenye machweo ya Newala pale Shimo la Mungu, ambako ardhi inaporomoka na hakuna mstari ulionyooka wa kufuata. Kwa kuwa ni mstatili, unaiteremsha au kuipandisha ndani ya holda, fremu inayoishika mbele ya lenzi, mpaka ikae unapotaka.

Ina udhaifu mmoja. Kwenye lenzi ndefu, tuseme milimita 200, ule ufifiaji hutanuka hadi picha nzima inakuwa kama imetiwa kivuli sawasawa. Kwa lenzi hizo tafuta ya ukingo mkali.

2. 0.9 ya kinyume

Giza lake zito liko katikati, kisha hupungua kuelekea juu. Imetengenezwa kwa ajili ya jua lililokaa juu ya mstari wa bahari, mahali ambapo filta laini ndipo inapokuwa dhaifu. Kwa macheo ya bahari wazi ni nzuri mno. Ikifika saa 2 asubuhi haina kazi tena, na mnazi mmoja ukiingia kwenye fremu unapata mkanda mweusi shinani. Inunue ya pili, usiitangulize.

3. 0.6 ya ukingo mkali

Nimeiweka ya tatu, lakini naipenda kuliko nafasi yake inavyoonyesha. Maji yakipwa wakati wa bamvua, mchanga unabaki na utando mwembamba wa maji na mbingu yote inalala chini. Taswira ile ya majini siku zote huwa na mwanga hafifu kuliko mbingu yenyewe. Ukiweka 0.9, unaigeuza: maji yanang'aa kuliko mbingu, na jicho linakataa hata kama mtazamaji hajui sababu. Hapo 0.6 inatosha kabisa.

4. Ya duara, ya kuzungusha mbele ya lenzi

Ni rahisi kubeba na huvutia kwa bei. Shida ni kwamba mstari wake umekaa katikati na hauhami, kwa hiyo kila picha yako itakuwa nusu mbingu, nusu nchi. Siishauri.

Sasa kioo au resini, yaani plastiki ngumu? Kioo hakikwaruziki haraka, ila kikianguka kwenye miamba ya matumbawe kimekwisha. Resini huvumilia kuanguka lakini mchanga huitafuna. Kwa anayepanda mashua na kutembea miambani, naona resini inafaa zaidi kwa kuanzia. Rasharasha za bahari zikiigusa, suuza kwa maji yasiyo na chumvi kwanza ndipo ufute. Ukifuta chumvi kavu unapiga msasa.

Kabla ya kulipa, piga picha ya ukuta mweupe kupitia sehemu ya giza. Filta duni huufanya ukuta uwe wa zambarau kidogo, na zambarau hiyo itakaa kwenye mawingu yako yote.

Ukimtuma mtu Dar es Salaam akununulie, mwandikie namba iliyo kwenye ukingo wa mbele wa lenzi, karibu na alama ya duara lililokatwa: 52, 58, 67, 77. Hiyo ndiyo saizi ya ringi, pete inayounganisha holda na lenzi. Chagua holda kwa kufuata lenzi yako kubwa kuliko zote, kisha ongeza ringi za ndogo. Mwenye lenzi ya milimita 18-55 pekee anaweza kushuka kwenye filta za upana wa milimita 85 akaokoa fedha, ila lenzi pana zaidi ya hapo zitaonyesha pembe nyeusi za holda.

Na ringi uifunge nyumbani. Huku kwetu jua likishachungulia, duara zima hutoka ndani ya dakika 2 na kidogo.