Bushi za poliyurethani mkono wa chini: usukani umetulia, ila kuna kelele

Gari lilikuwa linagonga kila nikipita tuta, na nikikanyaga breki usukani unavuta kushoto. Nilipochokonoa kwa mtaimbo mdogo, raba ya bushi ya nyuma, ile pete inayoshikilia mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na bodi ya gari), ikafunguka kama mdomo. Imechanika mpaka kwenye bomba la katikati.

Nikachukua seti ya poliyurethani, plastiki iliyo ngumu zaidi, badala ya raba. Kutoa za zamani ndiko kulikonimaliza. Raba yenyewe ilitoka, lakini ganda la chuma likang'ang'ania tunduni, ikabidi nilipasue kwa msumeno taratibu nisije nikaukwaruza mkono. Saa tatu, upande mmoja tu! Mpya ni vipande viwili viwili, zikaingia kwa jiriwa bila matusi.

Breki sasa hainivuti popote, na ule mlio wa kugonga umekwisha. Kwenye changarawe nasikia mtetemo zaidi ya zamani, hilo nalivumilia. Nisichovumilia ni kifuko cha grisi ya silikoni kilichomo kwenye boksi: kidogo mno. Wiki ya tatu upande wa kulia ukaanza kulia kama mlango wa zamani, nikafungua tena kupaka upya.

Ukiamua kubaki na raba, bolti usizikaze kabisa gari likiwa limeinuliwa na magurudumu yananing'inia. Zimalizie magurudumu yakiwa yamebeba gari, la sivyo raba hukaa imejisokota na kuchanika mapema. Kisha kapime alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, vyovyote utakavyochagua.

Nyota nne. Ya tano imeliwa na grisi.