Nairobi–New York moja kwa moja: usiku wa masaa 15 na mamangu

Januari nlimpeleka mamangu New York kwa dadangu aliyekuwa amejifungua, tukapanda ile ndege ya KQ (Kenya Airways) inayotoka Nairobi mpaka JFK, uwanja wa ndege wa New York, bila kutua popote. Tiketi ilionyesha kuondoka karibu saa sita usiku, kufika karibu saa moja asubuhi, mama akahesabu vidole akasema kumbe ni masaa saba tu, si kama basi la Nairobi. Nkamwambia la mama, hiyo saa moja ni ya kule, wakati wao wa baridi wako nyuma yetu masaa 8, kwa hivyo angani tutakaa masaa 15, ni kilomita kama 11,800 hivi.

Nlichohofia ni miguu yake. Mimi mwenyewe nlienda kabla hii ruti haijaanza Oktoba 2018, nkabadilisha ndege katikati, nkakaa airport masaa 11 juu ya kiti cha chuma na geti ikahamishwa mara mbili bila mtu kutangaza, yaani nafika kwa dadangu miguu imevimba viatu nimeshika mkononi. Mama wa miaka 70 siwezi kumpitisha hapo.

Ndege ni Dreamliner (Boeing 787), economy viti vitatu vitatu, dirisha halina kile kifuniko cha kushusha, unabonyeza kitufe kioo kinaingia buluu mpaka kinakuwa cheusi, na hewa ya ndani haikaushi koo sana. Chukua kiti cha kwenye njia. Kila baada ya masaa mawili nlikuwa namwinua mama tunatembea mpaka kule nyuma wanakotayarisha chakula, wale wahudumu wakimwona tu, "karibu mama, chai?", mpaka akawazoea.

Lakini kilichonigusa zaidi ni ule usiku wenyewe, manake mnaenda magharibi na giza nalo linaenda na nyinyi, alfajiri haiji. Kwenye skrini ramani inaonyesha Sahara, unalala, unaamka bado ni Sahara, halafu ni bahari tupu ya Atlantiki. Saa ya mama ya mkononi hajaigusa, inasema saa sita mchana, nje giza totoro, ameshika tasbihi akanigeukia, "Mwanangu, alfajiri iko wapi?" Nkamshika mkono tukakaa vile.

Kushuka, viatu vilimwingia vizuri tu. Kwa hilo peke yake, kama una mzazi na pesa inaruhusu, usimpitishe kwa kuunganisha ndege.

Kurudi ni masaa 14 hivi sababu upepo wa juu unasukuma ndege kutoka nyuma, unatoka kule mchana unafika Nairobi kesho yake asubuhi. Hapo ndo usingizi unaharibika haswa, mama siku nne nzima alikuwa anaamka saa nane za usiku anakanda unga wa mahamri.